Maua Hayapelekwi, Huombwa

Mashada yaliyopangwa kibarazani kwa Mama Adela siku tuliyokwenda kumuaga yalikuwa ya plastiki yote. Sisemi kwa dharau. Hata langu lilikuwa la plastiki. Nililinunua huku Sengerema kwenye duka linalouza pia madaftari na ndoo, nikalipakata kwenye kivuko cha Kamanga, na abiria wakanipisha kama wanavyompisha kila mwenye shada. Pale kibarazani kulikuwa na ya zambarau, ya pinki, na mengine ya buluu ya kalamu ya wino, na vumbi la Isamilo lilikuwa limeshaanza kuyakalia. Nilisimama mbele yake na mkoba begani, mwalimu mstaafu mwenye wajukuu, nikaanza kulia kwa sauti hata akina mama wawili wakanishika mikono. Walidhani namlilia marehemu, na kweli nilikuwa namlilia. Lakini nilikuwa nalia pia kwa sababu nilijua nyumba hii ilivyokuwa, na nilijua kwamba kati ya wote waliokaa kwenye viti vya kukodi mle uani, pengine ni mimi na Adela tu tuliobaki tunaokumbuka kwamba zamani kilima hiki kizima kilikuja hapa kuomba maua ya kuzikia watu wake.

Nilikaa katika nyumba ile mwaka mmoja, nikiwa binti wa miaka kumi na tisa, najifunza kupiga chapa kwenye chuo kidogo cha ghorofani kule Mirongo. Baba yangu, mfugaji wa Misungwi, alifahamiana na Mama Adela kwa njia ambayo sikuwahi kuielewa vizuri, na walikubaliana jambo moja la ajabu: nitakaa bure, ila kila mwezi baba atume gunia la samadi. Basi nilifika Mwanza na sanduku la bati mkono mmoja na gunia la mavi ya ng'ombe juu ya basi, na kondakta alinitania njia nzima, akiuliza kama huko kwetu wanawake wanaolewa na harufu hiyo hiyo. Mama Adela alipotuona getini hakunitazama mimi kwanza. Alifungua gunia, akachota kiganja, akakifikicha na kunusa, akasema, "Haya yameiva. Baba yako ni mtu wa maana." Ndipo akageuka. "Na wewe karibu, Kabula. Umekula?"

Wasioijua Isamilo hawataelewa kwa nini samadi ilikuwa na heshima ile. Kilima chote ni mawe. Nyumba zimebanwa katikati ya majabali makubwa kuliko nyumba zenyewe, na udongo unapatikana kwenye nyufa tu, kiasi cha kujaza sufuria. Mama Adela alikuwa ametumia miaka yake yote ya Mwanza kupandisha udongo kwa karai kutoka bondeni na kuujaza katika kila mwanya. Mahali palipotosha mguu mmoja palikuwa na mmea. Bogenvilia ziliteremka juu ya jiwe la mbele kama kanga zilizoanikwa, maua ya njano yaliota mpaka kwenye ngazi, na nyuma ya jiko, kwenye kijisehemu pekee kilichokuwa tambarare, lilikuwepo tuta la waridi jeupe. Maji tuliyoogea yalikwenda kwenye bogenvilia, ya kuoshea vyombo kwenye maua ya njano, na maji safi ya bomba, siku yakitoka, yalikwenda kwenye waridi kabla hatujajaza pipa la kunywa. Niliona ni wazimu. Kwetu maji safi ni ya ng'ombe na watu.

Nililala chumba kimoja na Adela, binti yake wa pekee, aliyenizidi miaka michache na alikuwa anafundisha chekechea. Chumba kilikuwa na dirisha moja lililotazama tuta la waridi, na chini ya vitanda vyetu kulikuwa na makopo yenye vijiti vya maua vilivyokuwa vinasubiri kutoa mizizi, hivyo ukishusha mguu asubuhi ilibidi uangalie unapokanyaga. Tulitaniana sana. Alisema Wasukuma tunakula michembe, viazi vilivyokaushwa, kwa sababu tumesahau kwamba viazi vibichi pia vinapikika. Mimi nilisema Wahaya wanasali kwa Kiingereza ili Mungu ajue wamesoma. Mama Adela alipika ndizi na sato kila Jumapili baada ya ibada, akizifunika kwa majani ya mgomba aliyoletewa na watu wa meli ya Bukoba, na sebule yote ilinuka moshi mtamu. Hadi leo nikipika ndizi huwa natafuta ile harufu, siipati. Majani tunayafuata sokoni, nayo yanauzwa yamesinyaa.

Sasa nieleze desturi ya maua, maana bila hiyo hakuna nitakachosema kikaeleweka. Pale kilimani mtu akifa, wanawake wawili walitumwa na beseni kuomba maua ya mashada. Hawakupiga hodi. Walifika getini, wakaweka beseni chini likiwa limefunikwa kifudifudi, wakasimama kimya. Mwenye maua alitoka, akaligeuza beseni, na hapo ndipo waliposema ni nani aliyefariki. Hakukuwa na malipo wala asante ndefu. Na maua hayakupelekwa nyumbani kwa mtu hata siku moja bila kuombwa, yawe mazuri namna gani. Vijiti vya kupanda, mbegu, miche, hivyo vilipita juu ya wigo kila siku. Lakini ua lililochanua ukimpelekea jirani, ni kama umemwambia jiandae. Kulikuwa na masharti mengine mawili. Kijana aliyekufa hajaoa alizikwa na maua meupe matupu, kwa sababu walisema hiyo ndiyo harusi yake. Na tuta lililokatwa kwa msiba halikukatwa kwa harusi mpaka litoe machipukizi mapya.

Mwaka ule beseni lilifika mara nyingi. Wenye umri wangu wanaujua mwaka ninaousema, au wanajua mwingine unaofanana nao, maana haikuwa mmoja. Watu walirudi nyumbani wamekonda kutoka Dar na kutoka migodini, tukaambiwa ni kifua, tukaambiwa ni malaria sugu, na hatukuuliza zaidi. Mama Adela aliweka mkasi na mpira wa kamba za mgomba nyuma ya mlango, tayari. Nilijifunza kusuka duara la shada kwa makamba makavu, kulizungusha, kulikaza kwa goti. Nilikuwa nakwenda chuoni na vidole vimechubuka, mwalimu wa chapa ananigombeza kwa kukosea herufi. Na waridi jeupe ndilo lililoombwa kuliko yote, kwa sababu waliokuwa wanakufa walikuwa vijana. "Tangu nipande tuta hili," Mama Adela aliniambia siku moja tukiokota majani yaliyoanguka, "sijawahi kukata ua moja jeupe kwa furaha. Hata moja, Kabula. Nalisha makaburi."

Adela alikuwa na mchumba, na harusi ilishaahirishwa mara moja kwa sababu baba wa mchumba alifariki wiki mbili kabla. Ilipopangwa tena kwa mwisho wa Agosti, Mama Adela aliamua kwamba hii itakuwa na maua ya tuta lake. Alilipogoa lote kwa siku moja, akahesabu majuma kwa vidole, akasema yatafunguka wiki ile ile. Aliyakata mashina mafupi mpaka nikahisi ameyaua. Vijiti vilivyopogolewa vikawa rundo zima, naye akaniambia, "Hivyo usitupe. Mpe mwenzangu hapo, aoteshe."

Mwenzake huyo alikuwa Mama Deo, Mkerewe aliyekaa upande wa pili wa wigo wa minyaa. Kwa miaka mingi wale wawili walikuwa wanabadilishana kila kitu: chumvi, mkaa, sufuria kubwa, mbegu, na umbea. Mama Deo alikuwa mnene, mcheshi, mwenye sauti ya kwaya, na kama wengi wa visiwani aliita waridi "walidi," jambo ambalo Mama Adela alimtania nalo bila kuchoka. Nilimpitishia vile vijiti juu ya minyaa, akavipokea kwenye kanga. "Mwambie mama yako," alisema, "mwakani walidi zangu zitashinda zake, maana mimi nina mkono, yeye ana samadi tu." Akavipanda kando ya nyumba yake, kila kimoja kwenye kopo la mafuta ya kupikia.

Deo alikuwa mwanawe wa kwanza. Alirudi kutoka machimbo ya Geita mwanzoni mwa mwaka, na kufikia Juni alikuwa hatoki tena isipokuwa kubebwa kwenye kiti hadi nje, mahali palipokuwa na jua. Alikuwa kijana mzuri, na hata alipokonda aliendelea kuwa na mdomo. Alinifundisha kucheza drafti kupitia mwanya wa minyaa, ubao uko kwake, mimi nasema tu nisogezewe kete ipi, naye ananiibia waziwazi. Nilimpenda, nadhani. Wakati ule sikulipa jambo hilo jina, na baadaye hapakuwa na haja.

Siku moja mnamo Julai Mama Adela alikuwa anamwagilia, Deo amekaa upande wa kwao wa wigo amejifunika shuka mchana kweupe. Machipukizi yalikuwa yameshatoka, mekundu mekundu kama yanavyokuwa yakiwa machanga.

"Mama Adela," Deo akasema, "shikamoo."

"Marahaba baba. Umeamkaje?"

"Nimeamka, ndiyo habari yenyewe. Hizo waridi zitafunguka lini?"

"Mwisho wa mwezi wa nane, Mungu akipenda."

"Basi siku yangu unikatie hizo. Nitakuwa bwana harusi mzuri kweli."

Mama Adela alinyoosha mgongo, maji ya mpira yakamwagika miguuni kwake. Sote tulijua alichomaanisha Deo. Lakini mtu mzima hawezi kumwambia mgonjwa "sawa, nitakukatia." Hiyo ni sawa na kumchimbia. Akafanya alichopaswa kufanya kila mtu aliyelelewa vizuri: akacheka. "Nyamaza wewe. Haya nitakukatia siku unayooa, na nitakupunguzia miiba." Deo naye akacheka, na mama yake, aliyekuwa anachambua dagaa mlangoni, akasema kwa sauti ya juu, "Umesikia lakini, Deo? Ameshakuahidi. Mimi ni shahidi." Nimeisikiliza sentensi ile kichwani mwangu miaka mingi. Siku ile ilikuwa utani tu.

Deo alifariki Jumanne ya wiki ya harusi. Waridi zilikuwa zimeanza kufunguka Jumapili, kama Mama Adela alivyohesabu, tuta zima limejaa vichwa vyeupe vilivyofungwa nusu, na jikoni kwetu kulikuwa kumejaa shangazi na binamu kutoka Bukoba, vitunguu vinamenywa, mchele unapepetwa. Tulisikia kilio kutoka upande wa pili wa minyaa, na wote mle jikoni wakaweka visu chini. Mama Adela alikuwa wa kwanza kufika. Alimshika Mama Deo, akalia naye, akarudi, akatoa nusu ya mchele wa harusi ukapikwe msibani. Usiku ule na uliofuata alilala chini kwenye mkeka na wafiwa. Haya nayasema makusudi, kwa sababu baadaye watu waliyasahau.

Jumatano asubuhi wale wanawake wawili walikuja na beseni. Hawakwenda mbali, ilikuwa kuzunguka tu wigo. Waliliweka kifudifudi, wakasimama. Mimi na Adela tulikuwa chumbani, gauni lake limetundikwa kwenye msumari juu ya dirisha, na tulisikia beseni likiwekwa chini, lakini Mama Adela hakutoka mara moja. Alisimama jikoni akiwa na mkasi mkononi.

Adela alikwenda kumfuata. "Mama, wape."

"Nikiwapa, tuta limekatwa kwa msiba. Jumamosi huwezi kushika hata moja."

"Nitashika ya plastiki. Wenzangu wote wanashika ya plastiki siku hizi."

"Hutashika plastiki."

"Mama, ni Deo."

"Najua ni nani." Sauti yake ilikuwa chini sana. "Nimezika watoto wa kilima hiki wote na maua yangu. Nimemzikia huyu, nimemzikia yule. Mara hii moja, Adela. Wewe ndiye mtoto niliye naye. Mara hii moja yaende kwa mtu aliye hai."

Akatoka. Nilikwenda sebuleni, nikamwona kupitia dirisha la mbele. Aliinama, akaligeuza beseni, akalijaza kwa mikono yake mwenyewe: bogenvilia nyekundu, maua ya njano, yote yaliyokuwepo mbele, mpaka yakamwagika pembeni. Hakuna aliyetaja meupe. Mmoja wa wale wanawake alitazama upande wa tuta, nyuma ya jiko, akainamisha macho. Na nyuma ya minyaa, ambako sikuwa nimemwona, Mama Deo alikuwa amesimama amejifunga kanga kichwani. Alitazama beseni. "Asante, Mama Adela," akasema. "Yanatosha."

Deo alizikwa Alhamisi na mashada mekundu na ya njano. Nilisuka mawili. Jumamosi Adela aliolewa akiwa na waridi jeupe mikononi na kichwani, na altare ya kanisa imejaa, na mgeni mmoja kutoka Dar aliuliza yameagizwa nchi gani. Adela hakutabasamu kwenye picha hata moja. Ninayo mojawapo; ukiitazama utadhani gauni lilikuwa linambana.

Hakuna aliyesema neno. Hilo ndilo ninalotaka vijana waelewe, hasa wanaodhani ugomvi lazima uwe na matusi. Mama Deo na Mama Adela waliendelea kuamkiana juu ya minyaa kila siku. "Umeamkaje, Mama Deo?" "Salama, Mama Adela, za kwako?" Na kila alipomwamkia ilibidi amtaje Deo, kwa sababu hilo ndilo lilikuwa jina la mama yake, na pale kwetu mwanamke habadilishiwi jina kwa sababu mtoto amekufa. Sufuria zilikuja na kurudi. Lakini mwezi Septemba alifariki fundi seremala wa nyumba ya juu yetu, na Mama Adela akatoa mkasi na kamba nyuma ya mlango, akakaa kibarazani kusubiri. Jua lilipanda. Hatimaye akina mama wale wawili walipita njia ya chini ya mawe, beseni kichwani limejaa, na maua yenyewe yalikuwa na lile vumbi jeusi la viwandani. Walikuwa wametoka kuomba Nyakato. Walivuka mji mzima kwenda kuomba Nyakato, wakapita mbele ya geti letu, wakatuamkia vizuri.

"Kwa nini usiwapelekee tu, Mama?" nilimuuliza.

"Maua hayapelekwi, mwanangu. Huombwa. Ukipeleka umeita kifo."

"Basi mwombe radhi Mama Deo."

Alinitazama kama niliyeuliza swali la kitoto, na labda lilikuwa hilo. "Niombe radhi ya nini? Beseni niligeuza. Maua nilitoa. Msibani nililala. Nimwambie nini, Kabula, kwamba nilimnyima? Yeye mwenyewe alisema yanatosha." Akaingia ndani na mkasi wake. Ilikuwa kweli yote, na haikumsaidia kitu. Kosa likiwa na jina unaweza kulibeba ukaenda nalo kwa mtu, mkalizungumza, likaisha. Lile halikuwa na jina, na hakuna aliyejua pa kulishika.

Baada ya hapo hawakuja tena. Na hapa ndipo pananiuma, ingawa sikumkosea mtu. Bustani ile, ikiwa haikatwi, ilichanua kuliko ilivyowahi kuchanua. Oktoba mvua zilipoanza ilikuwa haisimuliki. Waridi zilifunguka, zikapauka, zikaangusha petali juu ya samadi ya baba, nyingine zikafunguka nyuma yake. Watu waliopita njiani walisimama kutazama, hata wazungu wa kanisani walikuja kupiga picha. Novemba senene walipoanguka, tuliwaokota kwenye bogenvilia kwa viganja, Mama Adela akawakaanga kwa chumvi na limao, tukala tumekaa ngazini katikati ya rangi zote zile, nami nikafikiri sijawahi kukaa mahali pazuri kama hapa. Niliandika hivyo kwa baba. Nilifurahi. Sikujua kwamba nilichokuwa natazama ni adhabu. Mama Adela alijua. Alikuwa anakata vichwa vilivyonyauka kimoja kimoja, anavitupa kwenye shimo la taka, na mkasi ule ulikuwa mzito mkononi mwake kuliko siku zote za misiba.

Nilimaliza chuo Desemba, nikaondoka. Nilipata ualimu, nikaolewa Sengerema, nikazaa. Mwanza nilikuwa nakwenda na kurudi, lakini kila mara kulikuwa na kivuko cha mwisho cha kuwahi, na kilima cha Isamilo ni kirefu kwa mtu mwenye mizigo. Nilimtembelea mara chache sana, na kila mara bustani ilikuwa imepungua. Najuta hilo kwa namna ya kawaida, kama watu wote wanavyojuta mtu akishakufa.

Siku ya kumuaga, Adela aliniita kwenye chumba chetu cha zamani. Sasa ni mwanamke mzee mwenye miwani, anaishi Dar, na alikuwa anakunja kanga za mama yake akiziweka kwenye sanduku. Jeneza lingesafirishwa mchana kwenda Bukoba, maana Mhaya hazikwi ugenini kama ana migomba ya kwao. Dirisha lile lile lilikuwa wazi. Mahali pa tuta kulikuwa na tangi la maji. Minyaa haikuwepo tena, watoto wa Mama Deo walishajenga ukuta wa tofali unaofika kifuani, na juu ya ukuta, kutoka upande wa pili, yaliegemea matawi yaliyojaa waridi jeupe.

"Ni vile vijiti," nikasema.

"Ndivyo," Adela akasema. "Kiti cha Mama kilikuwa hapa uliposimama. Miaka yake ya mwisho hakutaka kukaa kwingine. Ananipigia simu Dar, ananiambia, ya Mama Deo yamechanua. Nikamwambia, Mama, si uende ukakae naye, nyinyi ni wazee sasa. Akaniambia, 'Niende kuomba maua? Nani amekufa kwangu?'"

Kanga ikabaki mikononi mwake nusu imekunjwa. Nami nikaelewa, na nikaona kwamba naye alikuwa ameelewa kwa kulisema. Mama Adela alikuwa anaishi peke yake. Katika nyumba ile hapakuwa na mtu mwingine wa kufa.

"Mama Deo amekuja leo?" nikauliza.

"Alikuja juzi, akakaa sana. Leo hajatoka kwake. Watu wanasema labda miguu."

Tulichukua beseni jikoni. Tulizunguka ukuta, wazee wawili tumejifunga kanga kiunoni, watu wa tenti wanatushangaa. Mama Deo alikuwa amekaa mlangoni kwake kwenye kigoda. Unene wote umekwisha, nywele nyeupe, fimbo imelala kando yake, na mapajani kulikuwa na mkasi. Hatukupiga hodi. Niliweka beseni chini kifudifudi, tukasimama.

Alichukua fimbo na mkasi. Akajikokota hadi lilipokuwa beseni, akainama kwa shida, Adela akataka kumsaidia, akamkatalia kwa mkono. Akaligeuza mwenyewe.

"Nilijua ipo siku atakuja kuniomba," akasema. "Sikujua kama atatuma watu."

Adela alianza kulia. Mama Deo akamwambia alie baadaye, kwanza kazi, akanipa mkasi kwa sababu macho yake hayaoni vizuri, akawa ananionyesha kwa fimbo: hilo, na hilo, na lile lililojificha. Yalikuwa mazuri kweli, na petali zake nzito, na harufu ile ile ya dirisha letu. Beseni lilijaa. Nilifikiria safari ya Bukoba, jua, gari, saa zote zile njiani.

"Mama, yanatosha," nikamwambia. "Haya yatanyauka kabla hayajafika Muleba."

"Neno hilo nililisema mimi siku ile," akajibu, "na hayakuwa yanatosha. Kata."

Nilikata mpaka machipukizi.